Kartoni tupu si takataka: namna ya kuigeuza kuwa kifaa cha masomo na cha nyumba

Katika mabutiki na madepo ya mji wa Bukavu, kartoni inamaliza kazi yake mapema sana. Biskuti, sabuni, maziwa ya unga, tomati ya mikebe, chupa za maji: vyote vinafika ndani ya kartoni. Mwenye butiki anapanga bidhaa yake ku etajeri, na kartoni inabaki tupu. Kutoka hapo, njia zake ni tatu. Ingine inakunjwa na kupewa wauzaji wa kando ya barabara, ambao wanaitandika chini kusudi nyanya na ndagala visiguse udongo. Ingine inawashia moto ku mbabula. Ingine inatupwa tu, mvua inainyeshea, na siku mbili baadaye ni matope ndani ya mufereji.

Wakati huo huo, ndani ya mtaa ule ule, kuna mzazi anayehangaika. Mtoto amerudi toka masomo na neno moja: mwalimu ameomba kifaa cha kazi ya mikono, na mwisho ni siku ya tano. Mzazi anapiga hesabu ya karatasi ngumu, kole ya kununua na rangi, anaona haiwezekani.

Mambo haya mawili yanaweza kukutana. Kartoni tupu iko kati ya vitu vichache sana ambavyo bado vinapatikana bure ao kwa bei ndogo mjini, na ukijua namna inavyotengenezwa, unaweza kuitoa vifaa vya darasa, michezo ya watoto na vyombo vidogo vya nyumba. Lakini si kukata kata na kubandika tu. Kartoni iko na tabia yake. Asiyeijua anaharibu kazi, kisha anasema kartoni ni kitu dhaifu.

Kwa nini jambo hili linagusa masomo

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika masomo ya serikali. Utekelezaji wa neno hilo ulianza kwa mwaka wa masomo 2019-2020. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani, na madarasa yakajaa. Lakini bure hiyo inahusu pesa ya masomo. Kaye, biki, uniforme na vifaa vya kazi ya mikono vilibaki juu ya mabega ya mzazi. Na mwalimu mwenye darasa lililojaa, mara nyingi hana saa ya ukutani ya kufundishia, hana karte ya inchi, hana umbo hata moja la hesabu la kuonyesha. Anachora ku ubao, basi.

Kuna pia desturi moja ambayo wazazi wengi wanaijua. Mwalimu anaomba kila mtoto alete kitu alichokitengeneza mwenyewe. Mzazi aliyechoka anapita ku soko, ananunua ufagio ao kikapo kilichosukwa na mtu mwingine, mtoto anakibeba hadi masomo, anapewa pointi. Pointi zinaingia ku bilteni. Mikono ya mtoto haijajifunza kitu, na pesa ya mboga imetoka. Mtoto aliyekata kartoni mwenyewe, hata kama kazi yake imepinda kidogo, amepima, amehesabu, ameharibu na ameanza upya. Hilo ndilo somo lenyewe.

Kartoni imejengwa namna gani

Chukua kipande cha kartoni ya chupa za maji, ukikate kwa wembe, kisha uangalie ukingo wake. Utaona karatasi tatu. Mbili zimenyooka, moja juu na moja chini. Katikati kuna ya tatu iliyokunjwa kama mawimbi ya ziwa. Yale mawimbi ndiyo nguvu yote. Kila wimbi ni kama daraja dogo la upinde, na yakipangwa pamoja yanafanya tuta nyingi ndogo zenye hewa ndani. Ndiyo maana kartoni ni nyepesi lakini inabeba chupa 12 bila kupasuka. Kartoni za mizigo mizito zina karatasi tano: mbili za mawimbi na tatu zilizonyooka.

Wazo hilo halikuanza na masanduku. Mwaka 1856, huko Uingereza, Edward Allen na Edward Healey walipata hati ya uvumbuzi kwa karatasi ya mawimbi ambayo ilikuwa ya kuwekwa ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871, huko Marekani, Albert Jones aliitumia karatasi hiyo kuzungushia chupa na vioo vya taa kusudi visivunjike njiani. Mwaka 1874 Oliver Long aliiongezea karatasi iliyonyooka, mawimbi yakaacha kujinyoosha. Na mwaka 1879, katika kiwanda cha Robert Gair huko Brooklyn, chuma cha mashini kilichopaswa kukunja mifuko ya karatasi kiliikata. Toka kosa hilo Gair akaona kwamba mashini moja inaweza kukata na kukunja kwa pigo moja, na sanduku likafika kwa mteja likiwa limelala, tayari kusimamishwa. Kartoni inayofika butiki leo ni mjukuu wa kosa hilo.

Kwa mtu anayetaka kutengeneza kitu, mambo matatu yanatoka hapo.

Jambo la kwanza: mawimbi yana njia. Kipande kikisimama huku mawimbi yamesimama wima, kinabeba mzigo. Kikisimama huku mawimbi yamelala, kinajipinda haraka. Jaribu na vipande viwili vya ukubwa sawa, uweke kaye juu yake, utaona tofauti palepale. Basi miguu na kuta za kila chombo zikatwe na mawimbi yakisimama.

Jambo la pili: kukunja kwa kufuata mawimbi ni rahisi, kukunja kwa kuyavuka ni vigumu na kunapasua. Ukitaka kukunja kwa kuvuka, weka late, pitisha biki isiyo na wino ao nyuma ya kijiko mara tatu ao ine kwa nguvu kidogo. Karatasi ya juu inalala bila kukatika, kisha unakunja taratibu.

Jambo la tatu: vipande viwili vikigandishwa huku mawimbi ya kimoja yanavuka mawimbi ya kingine, kartoni inakuwa ngumu kila upande. Ndivyo mafundi wa mbao wanavyofanya ku tripleksi. Ukigandisha vitatu ao vine namna hiyo, unapata ubao ambao mtoto hawezi kuupinda kwa mikono.

Kuchagua na kusafisha

Si kila kartoni inafaa. Kartoni ya dawa za wadudu, ya mbolea, ya asidi ya betri ao ya mafuta ya gari isiingie nyumbani wala darasani, hata kama inaonekana safi. Sumu inaingia ndani ya karatasi na haitoki. Kartoni ya samaki ao ya nyama nayo iachwe, kwa sababu harufu yake inaita panya na mende. Kartoni iliyolowa maji ikakauka, mawimbi yake yamekwisha kulala. Inaonekana nzima lakini haina nguvu tena. Ikandamize kwa kidole: ikibaki na shimo, itupe.

Nzuri ni zile za maji ya chupa, za biskuti, za maziwa na za makaye. Kabla ya kuzitumia, zifungue kabisa, zikung'ute inje, zianike ku jua saa chache, na uangalie ndani ya mikunjo kama hakuna kunguni. Kartoni nyembamba isiyo na mawimbi, kama ile ya dawa ya meno ao ya sukari ya vipande, usiitupe pia: ni nzuri kwa herufi, tarakimu na kadi. Na plato za mayai ni mali ya aina yake, tutazifikia.

Kole ya unga wa muhogo

Vyombo si vingi: late, penseli, sizo, wembe ao kisu kidogo chenye makali, na ubao wa kukatia. Wembe ni wa mtu mkubwa. Mtoto mdogo achore na kukata kwa sizo, kazi ya wembe amwachie kaka, dada ao mzazi.

Kitu kinachowasimamisha wengi ni kole. Ile ya butiki inaisha mbio na bei yake inapanda. Lakini viwanda vya kartoni vyenyewe vinagandisha mawimbi kwa kole ya wanga, mara nyingi wa mahindi. Katika nyumba za Kivu wanga upo kila siku: ni unga wa muhogo, ule wa bugali.

Chukua vijiko viwili vikubwa vya unga uliochungwa vizuri. Vichanganye na maji baridi kidogo mpaka visiwe na mabonge. Pembeni, chemsha glasi moja ya maji. Mimina ule mchanganyiko ndani ya maji yanayochemka huku unakoroga bila kuacha. Ndani ya dakika chache rangi nyeupe inapotea, kole inakuwa ya kung'aa na nzito. Toa ku moto, acha ipoe. Watoto wasikaribie sufuria hapo, kwa sababu kole ya moto inaganda ku ngozi na kuunguza kuliko maji.

Paka safu nyembamba kwa brosi, kwa kitambaa ao kwa kidole. Kosa la wengi ni kupaka nyingi: maji yanalainisha kartoni na inajikunja kama jani kavu. Ukishabandika, weka mawe ao vitabu juu yake na uache usiku mzima. Kole hii haidumu. Siku ya pili ao ya tatu inaanza kuchacha, kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo. Na kwa sababu ni chakula, mende na panya wanaipenda: kazi ikishakauka, paka rangi ao ufunike kwa karatasi, na uiweke juu, si chini.

Vifaa vine kwa ajili ya darasa

Saa. Weka sahani juu ya kartoni, zungusha penseli, kata duara. Alama za kwanza ni ine: 12 juu, 6 chini, 3 upande wa kuume, 9 upande wa kushoto. Kisha kati ya kila alama mbili weka mbili zingine kwa nafasi sawa. Duara zima ni nyuzi 360, basi kila saa inachukua nyuzi 30, na mwanafunzi wa darasa la tano ao la sita atalipima kwa raporteri yake. Mishale miwili ikatwe ku kartoni nyembamba, mfupi kwa saa na mrefu kwa dakika. Toboa katikati, pitisha uzi wenye kifungo cha shati mbele na kingine nyuma, funga. Mishale inazunguka na inabaki pale ulipoiacha.

Faida yake kwa mtoto wa Kongo ni moja zaidi. Saa hiyo iandikwe tarakimu mbili, ndani na inje: upande mmoja kwa hesabu ya Kifaransa anayoisikia darasani, upande wa pili kwa hesabu ya Kiswahili. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba "sept heures" ni saa moja ya asubuhi, na kwamba tofauti ni saa sita kila wakati, mishale ikiwa pa fasi ile ile.

Sanduku la litre moja. Wanafunzi wengi wanakariri kwamba desimetre kyubu moja ni sawa na litre moja, wanaandika ku ekzame, lakini hawajawahi kuiona. Kata miraba mitano ya kartoni, kila mmoja sentimetre 10 kwa sentimetre 10, ukihesabu upande wa ndani. Mmoja ni sakafu, mine ni kuta. Zigandishe kwa skochi ao kwa vipande vya kitambaa vilivyopakwa kole. Weka ndani sashe safi isiyo na tundu, itandaze mpaka ku pembe. Sasa chukua chupa ya maji ya litre moja na umimine. Maji yatafika ukingoni. Ukianza na chupa ya litre moja na nusu, nusu litre itabaki ku chupa. Somo hilo linachukua dakika tano, na mtoto aliyeliona halisahau. Kisha mwalimu anauliza: vijumba vidogo vya sentimetre moja moja vingeingia ngapi hapa ndani? 10 mara 10 mara 10, yaani 1.000.

Karte ya kuvunja na kupanga. Toka mwaka 2015 Kongo iko na majimbo 26 badala ya 11, ukihesabu mji wa Kinshasa. Kuyakariri ni kazi ngumu. Kuyapanga kwa mikono ni mchezo. Lakini kwa kuanza, vipande 26 ni vingi. Anza na jimbo la Kivu Kusini na tarafa zake nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Chora karte ku karatasi, igandishe ku kartoni, acha ikauke, kisha kata kwa kufuata mipaka. Usisahau ziwa: likate kama kipande chake chenyewe. Idjwi itakaa ndani ya maji peke yake, na mtoto ataelewa kisiwa ni nini bila maneno mengi. Nyuma ya kila kipande aandike jambo moja: makao makuu ya tarafa, mto, ao chakula kinacholimwa huko. Shabunda itakuwa kipande kikubwa kuliko vyote, na swali litakuja lenyewe: mbona kule ni kubwa hivi na barabara ni chache?

Mifuko ya hesabu. Kata kartoni ndefu, weka juu yake mifuko mitatu ya kartoni nyembamba: mamia, makumi, na moja moja. Vijiti vidogo 10 ndani ya mfuko wa moja moja vinafungwa kwa uzi na kuhamia mfuko wa makumi. Makumi 10 yanafungwa na kuhamia mfuko wa mamia. Ile "kubeba moja" ambayo watoto wanaifanya ku ubao bila kuielewa, hapa wanaibeba kweli kwa mkono.

Darasa la watoto 60 haliwezi kuwa na vifaa 60. Kwa hiyo mwalimu agawanye: kikundi kimoja saa, kingine karte, kingine sanduku. Mwisho wa wiki darasa liko na vifaa vyake, na mwaka ujao darasa lingine litavikuta pale.

Nyumbani: michezo na vyombo

Watoto wa Kongo hawajangoja mtu kuwafundisha kutengeneza motokari. Wanazitengeneza toka zamani kwa mikebe, kwa nyuzi za chuma, kwa mabua. Kartoni inaongeza karoseri. Vifuniko vya chupa ni magurudumu, kijiti cha mshikaki ni ekisi, na kipande cha biki tupu kilichogandishwa chini ni pa kupitishia ekisi kusudi izunguke bila kukwama. Kwa wadogo zaidi, kartoni moja kubwa ya televizyo ao ya friji, bila kukatwa hata kidogo, ni nyumba, ni basi, ni mtumbwi. Huko Marekani, mwaka 2005, jumba la kumbukumbu ya michezo ya watoto katika mji wa Rochester liliingiza sanduku la kartoni katika orodha ya michezo inayoheshimiwa, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wakubwa, kitu cha maana zaidi ni sanduku la hati. Katika nyumba nyingi, karte ya uchaguzi, hati za kuzaliwa, bilteni za masomo na karatasi za kiwanja viko chini ya godoro ao ndani ya sashe iliyosahaulika. Kata kartoni ya karatasi tano, tengeneza sanduku lenye ukubwa wa karatasi moja na nusu, weka ndani vigawanyo vine vilivyoandikwa majina, na kila karatasi iingie kwanza ndani ya sashe. Siku ya kukimbia maji ao moto, sanduku linashikwa kwa mkono mmoja.

Plato za mayai zina kazi nyingine. Zipasue vipande, ziloweke ndani ya maji usiku mzima, kisha uzitwange ndani ya chombo cha zamani mpaka ziwe uji. Kamua maji, changanya na kole ya muhogo, na unapata udongo wa karatasi. Ukiupaka juu ya bakuli lililofunikwa na sashe, ukaacha ukauke siku tatu mpaka tano, unatoa bakuli la kuwekea vifungo, funguo ao matunda makavu. Ukiupaka juu ya mpira, unapata dunia ya kufundishia jiografia. Visiwekwe chakula chenye maji.

Mwalimu aliyejenga miji kwa kartoni

Mtu anayedhani kazi ya kartoni ni ya watoto tu, ajue jina la Mkongomani mmoja: Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akafika Kinshasa mwaka 1970. Alifundisha masomo ya sekondari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliacha ualimu, akashika sizo, wembe, kole na karatasi, akaanza kujenga nyumba ndogo. Inasimuliwa kwamba alipopeleka moja ya kazi zake za kwanza ku taasisi ya majumba ya kumbukumbu huko Kinshasa, hawakuamini kwamba ni mikono yake; ikabidi atengeneze ingine kusudi waamini. Kisha taasisi hiyo ikampa kazi ya kukarabati vitu vya zamani.

Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa yaliyokusanya wasanii wa mabara yote. Toka hapo akawa msanii kabisa. Alijenga kwa kartoni, karatasi za rangi, vifungashio vya bidhaa, mikebe ya vinywaji na vifuniko vya chupa. Mwaka 1991 alijenga hospitali ya kutafitia na kutibia sida, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukiua na watu wakiogopa hata kuutaja. Mwaka 1994 alijenga upya kijiji chake cha kuzaliwa kama mji mkubwa wenye kiwanja cha mpira na stasyo ya treni. Mwaka 1996 alitengeneza "Ville Fantôme", mji mzima ambao mwenyewe aliueleza kama mji wa amani, usiohitaji polisi, wala askari, wala muganga. Alifariki Kinshasa mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2018, jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote.

Ukiangalia picha za kazi hizo, unaona mikunjo ile ile, mikato ile ile, na vifungashio vile vile ambavyo mvua inavinyeshea ku mufereji. Kilichokuwa tofauti ni uvumilivu: kona safi, rangi iliyopangwa, kupima kabla ya kukata. Hayo mwalimu anaweza kuyafundisha.

Je, inaweza kuleta pesa?

Kidogo, na si kwa kila kitu. Bakuli la karatasi ao motokari ya kartoni havitauzika sana ku soko, kwa sababu kila mtu anaona anaweza kujitengenezea. Vinavyonunuliwa ni vile vyenye tarehe: sanduku la zawadi ya ndoa, sanduku la kuwekea bahasha za michango, herufi kubwa za jina la bibi na bwana arusi, mapambo ya ubatizo na ya siku ya kuzaliwa. Mteja hapo halipi kartoni, analipa usafi wa kazi na kufika kwa wakati. Wanafunzi wa ujenzi nao wanahitaji maketi, na wengine wanatafuta mtu wa kuwasaidia kukata.

Anayetaka kujaribu ahesabu kwanza rangi, skochi, karatasi ya kufunikia na saa za kazi. Kartoni yenyewe ni bure, lakini mikono si bure. Na siku wenye mabutiki watakapoona kwamba kuna watu wengi wanaozihitaji, nao wataanza kuzipimia bei. Afadhali mapatano yafanyike mapema.

Moto na maji

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha. Katika nyumba nyingi za mbao za Bukavu, kartoni zinapigiliwa ku kuta na juu kama plafon, kuzuia upepo na kuficha mianya. Zinapendeza, na usiku zinaleta joto. Lakini kartoni kavu inashika moto haraka sana, na yale mawimbi yenye hewa ndani yanaupeleka moto kama bomba. Katika mitaa ambako nyumba zimebanana, mshumaa mmoja ao waya mmoja wa umeme uliounganishwa vibaya unatosha kuchoma nyumba nyingi ndani ya usiku mmoja. Kwa hiyo kazi za kartoni zisikae karibu na mbabula, mshumaa wala taa ya petroli. Zisitumiwe kama abazhuri ya ampule inayopata joto. Na stoki ya kartoni za darasa isirundikwe mlangoni, kwa sababu mlango ni njia ya watoto kukimbilia inje.

Maji nayo ni adui, ila huyu anatoa nafasi. Bukavu mvua inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano. Vifaa vya kartoni vikiwekwa moja kwa moja ku sakafu ya sementi, vinanyonya unyevu toka chini. Viwekwe juu ya matofali ao mbao, mbali kidogo na ukuta. Safu ya rangi ya mafuta, ao skochi pana ku kingo, inaongeza maisha ya kifaa. Kazi kubwa za kugandisha zifanywe mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati wa kiangazi, zikauke vizuri kabla masomo hayajafunguliwa.

Pa kuanzia

Kamati ya wazazi ya masomo moja inaweza kupatana na mabutiki mawili ao matatu ya karibu: kila siku ya sita asubuhi, watoto wakubwa wapite kuchukua kartoni nzima, zisizolowa. Zifunguliwe, zikung'utwe, zifungwe kwa kamba kumi kumi. Mwalimu achague kifaa kimoja tu kwa mwezi wa kwanza, tuseme saa, na apokee kazi za mikono ya watoto pekee, hata zilizopinda. Mzazi naye akubali kukaa nusu saa kando ya mtoto wake, amshikie late wakati anakata, na aache ku soko ule ufagio wa kununua pointi.